Fundo la nywele za Keza na treni ya kasi

Kosa tunalofanya wengi kabla ya kwenda bustani kubwa ya michezo ni kuwapima watoto urefu pamoja na nywele.

Leo nimelifanya mimi, mwalimu mstaafu!

Asubuhi, hapa mtaani kwetu Hagsätra, nilimsuka mjukuu wangu Keza, nikazifunga nywele fundo utosini. Nikampima mlangoni: sentimita mia na ishirini, kama inavyotaka treni ya kasi ya bustanini, ile inayopanda juu na kuporomoka. Ameisubiri treni hiyo tangu wakati wa theluji.

Kule bustanini tumepanga foleni saa nzima. Dada wa langoni akashusha kipimo, akalibonyeza fundo taratibu.

Mia na kumi na tano.

"Pole, mama," akaniambia kwa Kiswidi. "Nywele hatuzihesabu."

Keza akanigeukia, machozi yakimlengalenga. "Bibi, kwani nywele si mimi?"



Nikatoka naye kwenye foleni, tukapanda farasi wa bandia wa kuzunguka mara tatu, na magoti yangu haya. Mara ya tatu ndipo akacheka.

Yamewahi kuwakuta?

Leo hii, kabla hujanunua tiketi, mvue mtoto viatu, zilaze nywele kwa kiganja, umpime upya.