Sungura Aliyeng'olewa Meno

Wiki hii yote nimekuwa nikimlisha sungura wa binti yangu. Alitolewa meno ya mbele kwa kliniki ya mifugo hapa Eldoret, na sasa ananyweshwa uji wa majani kwa sirinji isiyo na sindano, polepole, kwa pembe ya mdomo. Binti yangu akiniona nimemwinamia anadhani namwonea sungura uchungu. Uchungu gani! Niko na hasira tu, tena ya zamani, na sijui niipeleke wapi.

Wacha nikuambie, rafiki yangu. Tulipokuwa tukikaa mtaa wa Huruma, hapa hapa Eldoret, kwa nyumba za kukodisha nyuma ya fundi wa mabati, nilikuwa na sungura jike mweupe. Baba ndiye aliniletea, akasema ni wangu. Meno yake yakamea vibaya, yakajikunja mpaka yakaanza kumchoma ndani ya mdomo. Jirani yetu alikuwa daktari wa mifugo, mtu wa kutibu ng'ombe huko Sugoi. Akamlaza kwa dawa ya usingizi, akayang'oa yote ya mbele juu ya meza yake ya kulia.

"Huyu hawezi kukaa njaa kama mbwa," akaniambia. "Tumbo likisimama, amekwisha. Sasa kazi ni yako."

Basi nikawa yaya. Kabla ya shule nilikuwa naponda karoti na sukuma wiki kwa kile kinu cha mama cha kitunguu saumu, nachanganya na maji ya vuguvugu. Alitema, akanikwaruza mikono, uji wa kijani ukanikaukia kwa sweta. Mwalimu akanifokea kwa uchafu, sikujali. Nilikuwa namwekea sikio tumboni nisikie kama linanguruma. Halafu jioni moja akavuta mwenyewe, kwa midomo, sukuma niliyokatakata nyembamba, akaanza kutafuna kwa magego. Nililia kwa furaha. Hata mama, ambaye kinu chake kilikuwa kimeharibika harufu, alicheka.

Jumamosi iliyofuata supavaiza wa baba kiwandani akaja kututembelea. Kuku wetu walikuwa wameisha kwa ugonjwa, na mgeni wa heshima kama huyo haondoki kwako na chai kavu. Nikatumwa dania ya mchuzi kwa genge la mboga la mbali, na la karibu lilikuwa wazi. Unajua wazazi wetu: mtoto akitumwa mbali hivyo siku ya mgeni, ujue kisu kinanolewa. Mimi sikujua.

Niliporudi nikamwagia mgeni maji ya kunawa mikono. Mama akafunua bakuli. Nikaona mapaja yale, na hakuna kuku duniani mwenye mapaja kama hayo. Baba alizoea kuniita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake.

"Mama," akasema, "wewe ndiye mdogo hapa. Tuombee chakula."

Nikafunga macho. Nikamshukuru Mungu kwa chakula na kwa mikono iliyokipika, vile tulivyofunzwa, na wote wakasema amina. Baba alijua. Mama alijua, ndiyo maana hakuniangalia. Mgeni akasifu ulaini wa nyama, na baba, bila haya, akamjibu kwamba huyo alilishwa vizuri sana. Mjinga mimi, nilikuwa nimemnonesha mwenyewe.

Walisema hayo ni mambo ya kitoto, nitasahau. Zile nyumba zimebomolewa, sasa ni ghorofa. Daktari alihama, mama alifariki. Watu husema zamani kulikuwa kuzuri, na kweli sukuma ya mama naikosa, pamoja na kelele za yule fundi. Lakini nikianza kuzipenda zile siku za nyuma, lile bakuli linafunuliwa.

Jana baba alikuja. Akampakata sungura wa mjukuu wake, akachukua sirinji, akamlisha kwa upole ambao mimi sikuwahi kuuona kwake. Nikamuuliza kama anamkumbuka wangu, yule wa Huruma. Akainua uso, akaniangalia kwa mshangao wa kweli.

"Kwani wewe uliwahi kufuga sungura?"