Dude la Juu ya Paa

Mtaa mzima ulimwita Pangaboi, naye hakununa. Alikuwa fundi bati, na ulimi wake ulikata kuliko mkasi wake. Mumewe akiwa safarini na lori, alitoboa paa la nyumba alikoolewa, akasimika kichwa cha bati chenye mapanga. Umeme hakikutaka. Upepo ukipita kinazunguka, kinafyonza joto la darini na kulitupa nje.

"Umetoboa paa la marehemu baba kwa ajili ya mchezo wa watoto?" shemeji yake alifoka. "Chumba cha mama bado tanuri. Jumamosi nakuja kumchukua, akakae kwangu."

Mama mkwe, mgonjwa wa kifua, aliusokota ukingo wa kanga. Nyumba hiyo aliijenga na mumewe, na kuhamishwa alikuogopa kuliko kufa.

"Dude halitoki, na mama hatoki," Pangaboi alijibu. "Kama hutaki, panda juu uling'oe mwenyewe, nami nitakushikia ngazi nikiwa na hasira zangu."

Alijibu kwa kiburi, lakini moyoni alikuwa na shaka. Dude lilizunguka kutwa na chumba kikazidi kuchemka. Shemeji alisema kweli, na hilo ndilo lililomuudhi.

Akapanda darini, akatambaa kwa tumbo hadi pembezoni mwa paa. Huko akakutana na magunia yake mwenyewe. Mwaka ule popo walipowasumbua, aliziba kila tundu la hewa chini ya paa, akasahau. Sasa dude lilikuwa linavuta, na hewa mpya haikuwa na pa kuingilia.

"Mjinga mimi!" alicheka huku akikohoa vumbi. "Nimemziba mtu pua, halafu namlaumu hapumui!"

Akang'oa magunia yote, akapigilia wavu ili popo wasirudi.

Jumamosi, jua likiwa la utosini, shemeji alifika na gari. Akaingia chumbani moja kwa moja, Pangaboi nyuma yake. Mama yake alikuwa amejikunyata kitandani.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi. Nipe shuka, mwanangu. Nasikia baridi."

Baridi hakuwa nayo, na wote watatu walijua. Shemeji akatazama dari, akatafuta jasho usoni pa mama, hakulipata.

Pangaboi alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Shuka liko sandukuni, shemeji," alisema. "Mfunike mama vizuri kabla hujaondoka."