Saini Namba Moja

Saini ya kwanza kwenye karatasi iliyoiuza timu yetu ni ya kwangu. Nimeanza na hilo ili nisije nikalizunguka. Nina miaka sabini na minne, Mungu amenitunza, macho yangu bado yanauona mpira ukiwa goli la mbali, na kwa macho hayohayo niliiona ile karatasi nikanyamaza.

Mimi ni mzaliwa wa Kalenga, karibu na mji wa Iringa. Nilikuja Mbeya kijana, nikafanya kazi kwenye reli hadi nilipostaafu, na nyumba yangu iko Iyunga, juu kidogo ya barabara kuu. Kanisani kwetu nimekuwa katibu wa baraza la wazee kwa zaidi ya miaka ishirini. Mchungaji aliyenifundisha kazi hiyo, marehemu sasa, alinizoesha kwamba kikao hakianzi mpaka yamefanyika maombi na karatasi ya mahudhurio imezunguka. Mtu aandike jina lake, atie saini, akae. Nimezungusha karatasi hizo kwenye harusi, misiba, ujenzi wa shule na vikao vya wakwe. Huku kwetu mtu akipewa karatasi na kalamu mkutanoni haulizi. Anaandika jina.

Timu yetu ilikuwa ya wanachama. Haikuwa na tajiri mmoja wala kiwanda nyuma yake. Ilipopanda Ligi Kuu tulitembea kwa miguu kutoka uwanjani hadi Iyunga tukiimba, na madereva wa malori yanayokwenda mpakani walipunguza mwendo wakatupigia honi. Nilipofika nyumbani sauti imekauka, mke wangu, ambaye mpira haujui, aliniwekea chai akasema, "Haya, mzee wa kanisa. Leo hata tenzi huwezi kuimba." Nilimshukuru Mungu siku ile kama mtu aliyepata mjukuu.

Halafu mdhamini akaondoka. Msimu ulipoisha hakuaga, jina lake likafutika kwenye jezi basi. Wachezaji walikuwa wakilala kambini katika nyumba ambayo madirisha yake yalizibwa kwa maboksi, na baridi ya Mbeya ya mwezi wa sita haina huruma. Akina mama wa kanisani walipeleka mablanketi. Kijana mmoja wa kiungo alikuwa akifunga kiatu chake cha kulia kwa waya. Basi la timu liliharibika njiani likaachwa gereji, na hakuna aliyeenda kulitoa.

Waliotulisha ni watu wa Ubaruku. Kila baada ya mavuno, mashabiki wa huko walikoboa mpunga wao wakaleta mchele kambini, magunia juu ya pikapu, bendera ya timu imefungwa mbele. Aliyewaongoza alikuwa Msukuma mmoja, mkulima, ambaye wazazi wake walihamia bonde la Usangu na ng'ombe wao yeye akiwa mtoto wa kubebwa. Shule hakwenda, alichunga. Lakini ukimwuliza goli la misimu mitano iliyopita atakwambia nani alipiga krosi, nani alikosa kwanza, na mvua ilikuwa imeanza au bado. Aliniita mzee wangu. Mchezo ukiwa mgumu alikuwa akiniegemea begani na kusema, "Mzee wangu, omba, mimi nitukane. Tugawane kazi."

Sasa nifike kwenye mkutano.

Mwenyekiti wa timu alituita wanachama kwenye ukumbi wa shule. Alikuwa mtu wa kanisani kwetu, safu ya tatu kutoka mbele, mtu wa kusalimia wazee kwa mikono miwili. Alinifuata mlangoni.

"Shikamoo mzee. Utatufungulia kwa maombi?"

"Marahaba. Nitafungua."

"Na mahudhurio utusaidie, mzee. Wewe ndiyo mwenye uzoefu. Watu wakiona wewe umeshika, wanatulia."

Akanipa karatasi kadhaa zilizopigwa mistari: namba, jina, saini. Juu palikuwa peupe, nafasi ya vidole vinne hivi. Katika maisha yangu yote ya ukatibu sijawahi kuzungusha karatasi isiyo na kichwa cha habari. Nikamwambia, "Hapa juu hujaandika kitu."

"Nitachapa baadaye kwa kompyuta, mzee. Mwandiko wangu unaujua."

Akacheka, nami nikacheka. Nikaandika jina langu namba moja, nikatia saini, nikaanza kupita viti.

Nilipomfikia yule mkulima wa Ubaruku aliishika ile karatasi, akaitazama juu na chini kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani.

"Mzee wangu, hii inasema nini?"

"Mahudhurio tu."

"Mahudhurio tu?"

"Kwamba ulikuwepo. Weka dole."

"Nilikuwepo, hata wake zangu wanajua. Nimevaa viatu." Watu wakacheka. Akabonyeza dole gumba kwenye pedi ya wino niliyokuwa nimeishika, akalikandamiza kwenye mstari wake kwa nguvu, kama anayepiga muhuri wa serikali. Nyuma yake watu wa Ubaruku wote wakafuata. Walikuwa wameona yeye ameuliza na mimi nimejibu.

Mwenyekiti alizungumza karibu saa nzima. Alisema hali ni ngumu, na hilo tulilijua. Alisema wapo wawekezaji wanaopiga simu, na kwamba uongozi utaendelea na mazungumzo na kutuletea taarifa. Hakuna aliyenyoosha mkono kukubali kitu wala kukataa. Hakuna kura. Tulikunywa soda, nikafunga kwa maombi, nikamwombea mwenyekiti hekima. Nakumbuka maneno hayo vizuri. Nilimwombea hekima, na karatasi zilikuwa tayari kwenye mkoba wake.

Wiki ya tatu, asubuhi, redio ilisema timu yetu imenunuliwa na mfanyabiashara wa Iringa, itahamia huko, itabadili jina na rangi. Mke wangu alikuwa akikaanga mayai. Alizima jiko akasimama tu. Nilivaa koti nikaenda hadi ofisi ya soka mjini, nikamkuta binti wa mapokezi, mpole, nikamtajia jina langu, akaniletea faili bila ubishi kwa sababu alidhani nimekuja kupongeza. "Si ni wewe huyu, babu? Namba moja?"

Pale juu, kwenye ile nafasi nyeupe, palichapwa kwa herufi kubwa kwamba sisi tuliotia saini hapa chini, wanachama halali, tumeridhia kwa kauli moja kuuza nafasi ya timu kwenye ligi pamoja na umiliki wake wote. Chini yake ni jina langu, kwa mwandiko wangu wa katibu, mzuri, uliosimama. Na ukurasa wa pili, dole gumba baada ya dole gumba, wino wa bluu.

Nimefundishwa uvumilivu tangu utotoni, na nimeupata kwa kiasi. Nimezika watoto wawili bila kumlaumu Mungu. Siku ile niliomba nakala ya karatasi kwa sauti kali hadi yule binti akaniletea maji. Yasemwe yanayosemwa kuhusu utulivu wa wazee. Nilitaka kumpiga mtu.

Nilikwenda Kalenga mwezi uleule kwa arusi ya mtoto wa mdogo wangu. Huko habari ilikuwa imewafikia kwa upande wa pili.

"Kamwene, kaka!" mdogo wangu akanipokea kwa kelele mbele ya wageni. "Umekaa Mbeya miaka hamsini, leo umekumbuka nyumbani. Umetuletea timu!"

"Sikuileta."

"Usione haya! Tumekuwekea jezi mpya. Ya bure, wewe ni mheshimiwa."

Akanitupia mabegani. Wote walicheka kwa upendo, ni ndugu zangu, hawana kosa lolote. Niliikunja ile jezi nikaiweka juu ya kiti, nikatoka nje hadi wimbo ulipokwisha. Timu ya watu waliokuwa wakileta mchele sasa ilikuwa zawadi ya arusi, na mimi ndiye niliyepongezwa kwa kuitoa.

Niliporudi Mbeya nilimsubiri mwenyekiti baada ya ibada. Hakukwepa. Tulisimama kando ya kanisa, penye tangi la maji.

"Mzee, najua una hasira na mimi," alisema.

"Uliandika nini juu ya jina langu?"

Alitazama viatu vyake. "Timu ilikuwa imekufa, mzee. Umeiona kambi mwenyewe. Wale vijana wana miezi hawajalipwa, mmoja mke wake alijifungua akashindwa kutoka hospitali. Nimeuza, wamelipwa wote. Wote, waulize. Mimi sikubaki na hata nauli."

Niliwauliza baadaye. Walilipwa. Kuhusu nauli yake, sijui, nami sitamsingizia.

"Kwa nini hukutuambia hivyo ukumbini?"

"Mngekataa."

"Ulituuliza?"

"Wale wa Ubaruku wangeelewa? Mzee, mtu anaweka dole..."

Hapo ndipo nilipopaza sauti. Watu waliokuwa wakisalimiana mlangoni waligeuka. Nilimwambia kwamba mtu yule anayeweka dole alilisha wachezaji wake misimu mitatu, na kama angesimama akatuambia wazi kwamba watoto wa watu hawajalipwa na hakuna njia nyingine, huenda tungekubali. Tungelia, tungetukana, tungekubali. Yule Msukuma angekuwa wa kwanza, kwa sababu yeye ndiye aliyewajua wale vijana kwa njaa zao. Kama timu imekufa, tungeizika wenyewe. Yeye alituchukulia hata hilo.

Alinishika mikono yote miwili, vilevile anavyosalimia wazee. "Nisamehe, baba."

Imani yangu hainipi nafasi ya kuchagua hapo. Nilimwambia nimemsamehe, na nilikuwa nasema kweli, na hasira haikupungua hata kidogo. Nikamwambia, "Mimi nimekusamehe kwa sehemu yangu. Sasa twende Ubaruku. Wewe useme lako, mimi niseme langu."

"Watanipiga."

"Nitakuwa nimesimama karibu yako."

Alikubali. Tulipanga Jumanne, saa moja asubuhi, pale stendi. Nilifika mapema, nikamwekea nafasi dirishani. Simu yake iliita mara tatu, kisha ikawa haipatikani. Yalipita magari mawili. La tatu nikapanda.

Nilimkuta mkulima yule kwenye mashine ya kukobolea, nguo zimejaa vumbi la pumba. Habari za kuuzwa alishazisikia. Hakujua kwa vipi. Alidhani ni mambo ya wakubwa wa mjini, yaliyofanyika juu kwa juu. Alifurahi kuniona, akaagiza mtu azime injini ili tuongee, akaniletea kiti.

"Mzee wangu, umekuja kutupa pole? Tumeshapoa."

Nilikataa kiti. Nilitoa nakala mfukoni, nikamsomea pale juu neno kwa neno, polepole. Kisha nikamwonyesha mstari wake, dole lake. Nikamwambia niliambiwa karatasi ni ya mahudhurio, nikaona haina kichwa cha habari, nikashangaa, nikaizungusha hivyohivyo. Nikamwambia kwamba aliponiuliza inasema nini, nilijibu bila kujua.

Aliichukua karatasi, akalisogeza dole lake hai karibu na lile la wino, akayalinganisha muda mrefu.

"Mimi sijui kusoma," alisema. Hakuniita mzee wangu. "Wewe unajua. Ulikuwa hujui nini?"

Akaigeuza karatasi nyuma, kisha mbele.

"Siku ile nilikuuliza mbele ya watu. Watu wangu wakasikia unajibu."

"Ndiyo."

"Basi na haya wayasikie."

Alitoka nje ya banda akaita kwa Kisukuma. Walikuja kumi na kitu, wengine na majembe, wanawake wawili na watoto mgongoni, baadhi nikiwafahamu kwa sura kutoka jukwaani. Wawili wakanisalimia shikamoo. Yeye hakueleza kitu. Alinirudishia karatasi na kurudi nyuma, akasimama pamoja nao.

Nikasoma upya. Nilipofika kwenye majina, nilianza na langu. Mwanamke mmoja akauliza kama inaweza kurudi, kama tukiandika nyingine ya kuikataa hii. Nilimwambia ukweli, kwamba nimeuliza ofisini, muda wa kupinga umepita, hairudi. Akabetua mdomo, akambeba mtoto wake vizuri, akarudi shambani bila kuaga. Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Wale walionipa shikamoo nao walipita mbele yangu wakaenda.

Mkulima alibaki mwisho. Akamwambia mtu wa mashine awashe injini. Kisha, kwa sauti ya juu ili nisikie, aliniambia gari la kurudi Mbeya linapita kwenye daraja saa saba, na niende nikasubiri huko, pana kivuli.