Tangi la Pili la Baba

Sikuitambua ile kona. Mwaka huu nilipanda Newala kwa gari la kukodi, na tangu tulipoiacha Masasi na majabali yake nilikuwa nimejiandaa: tukianza tu kuupanda mlima nitamwomba dereva apunguze mwendo, nitazame upande wa korongo. Lakini barabara inajengwa. Matingatinga yameuchana mlima, kona zimenyooshwa, udongo mwekundu umebaki wazi. Niliposhtuka tulikuwa tayari juu kwenye mikorosho, upepo wa baridi unaingia dirishani. Dereva akaniuliza kama nimesahau kitu huko chini. Nikamwambia hapana, twende.

Ngoja nikusimulie wewe, maana yeye alikuwa na haraka zake.

Sisi tulikuwa watu wa njia hiyo. Baba alikuwa mwalimu wa sekondari Masasi, mtu wa kuja, kwao Njombe. Mama alikuwa muuguzi Newala, nyumbani kwao, na tuliishi na bibi mzaa mama kwa sababu macho yake yalikuwa yamekwisha nuru. Mama hakuweza kumwacha mama yake, na baba kila akiomba uhamisho hapati. Wengine wangekaa nyumba mbili wakaonana mwisho wa mwezi. Baba alikataa. "Sikuoa ili nilale peke yangu," alikuwa akisema, na mama alikuwa akiinamia sufuria ili tusimwone anavyotabasamu.

Akanunua Landrova kuukuu mnadani. Mimi na mdogo wangu wa kiume akatuandikisha shule ya msingi huko huko Masasi, tukawa tunashuka naye alfajiri na kupanda naye jioni. Mpaka leo nikifumba macho naisikia asubuhi ya Newala: ukungu mzito, jogoo wa jirani, bibi anapapasa ukuta akija kutugawia ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini, ikiwa bado ya moto, imefungwa kwenye kipande cha khanga. Msimu wa mikorosho kuchanua, harufu ya maua ilituandamana mpaka ukingoni mwa mlima. Baba alikuwa akiimba nyimbo za kwao kwa Kibena. Hatukuelewa hata neno, tukawa tunaitikia tu.

Shida ilikuwa petroli. Miaka ile Newala ilikuwa ikikauka bila taarifa, ukaambiwa labda keshokutwa, labda wiki ijayo. Iliyouzwa kwenye chupa barabarani ilichanganywa na mafuta ya taa na ikaifanya injini ikohoe. Zikawepo jioni tulizokwama Masasi, tukalala kwenye mkeka kwa mwalimu mwenzake baba, na mama kule juu hana habari kama tuko salama au tumebiringika mlimani. Baada ya safari moja ya namna hiyo baba akaamua. Ataongeza tangi la pili, alijaze Masasi mwanzoni mwa wiki, asimtegemee mtu tena.

Fundi mmoja wa Masasi alilitengeneza kwa bati zito la lori lililokufa, akalikata, akalichomelea, akalifunga chini ya kiti cha nyuma. Yaani chini yetu. Mpira wa petroli ulipita sakafuni hadi kwenye koki iliyokuwa karibu na mguu wa dereva. Tangi la kwanza likiisha, baba anainama, anazungusha koki, gari halisimami. Siku alipolileta nyumbani alimwonyesha mama kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga.

Bibi aliomba aongozwe hadi garini. Akalipapasa tangi kwa kiganja, akaligonga, akasikiliza.

"Mkwe, na hiki kinakaa wapi?"

"Hapo hapo, mama. Chini ya kiti cha watoto."

Bibi akauondoa mkono wake taratibu. "Moto haulali," alisema. "Hujifanya tu." Akaomba arudishwe barazani, na gari lile hakulipanda tena.

Nisiseme uongo, mwanzoni tangi lilituletea raha. Tulirudi kila jioni. Mama akawa anajua saa ya kuweka maji ya ugali, na sisi tukiingia tunakuta kisamvu kimeungwa kwa korosho zilizotwangwa, bibi anauliza Masasi kuna habari gani. Majirani nao wakapata gari la uhakika. Mgonjwa akizidiwa, mtu anakuja kubisha, "Hodi, Baba Neema," naye baba anachukua funguo bila kuuliza swali.

Kilichoharibu ni barabara. Kiangazi kilipoingia ikawa rasta tupu, vituta vidogo vidogo mfululizo, gari linatetemeka mpaka meno yanagongana. Mshono wa tangi ukaachia, ufa mwembamba kama unywele. Harufu ikaanza. Kwanza ilikuwa kwenye sare zetu, kisha kwenye nywele zangu, kisha kwenye ming'oko ya bibi. Darasani mwalimu wangu alinihamishia dirishani bila kusema kwa nini. Mdogo wangu akawa analala njia nzima, na tukifika inabidi nimtikise sana ndipo aamke. Maji tuliyokuwa tukichota Masasi kwenye madumu, kwa kuwa Newala maji yalikuwa ya taabu, bibi aliyakataa. "Yananuka barabara," alisema, akanywa yake ya mvua.

Baba aliziba ufa kwa sabuni ya kufulia. Anakata kipande, anakikanda hadi kinakuwa laini, anakibandika, na petroli inaacha kutoka. Siku mbili tatu sabuni inapukutika, anabandika tena. Hakumwambia mama. Mama aligundua mwenyewe, jioni moja akiwa ameshika mche wa sabuni uliobaki nusu.

"Baba Neema, sabuni inaisha na nguo sijafua."

Baba akautazama ule mche.

"Unawakalisha watoto wangu juu ya petroli inayovuja?"

"Haivuji, nimeiziba. Nivumilie hadi shule zifungwe, Mama Neema. Nikilipeleka kwa fundi sasa tutalala wapi wiki nzima?"

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," mama alisema. Akauweka ule mche juu ya meza, mbele yake, akaenda zake kazini zamu ya jioni. Sauti hakuipandisha hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha.

Ule ulikuwa wakati wa watu kusafisha mashamba kabla ya mvua. Kutoka Masasi ungeweza kuutazama mlima mchana ukaona moshi sehemu nyingi, na jua likiwa jekundu kabla ya saa yake. Wenye mikorosho walikuwa wamefagia chini ya miti yao, lakini majani ya mlimani hayakuwa na mwenyewe.

Siku yenyewe tulipanda na jirani yetu, mama muuza khanga, aliyetoka kuchukua bidhaa Masasi. Nilimwamkia, akaitika marahaba, kisha akakunja pua. "Mwalimu, gari lako leo limezidi." Baba akacheka kidogo. Katikati ya mlima tuliukuta moshi umeifunika barabara, na upande wa juu majani yalikuwa yanawaka, yanalia kama mtu anayevunja vijiti. Nikahisi unyevu. Nilitazama chini nikaona sakafu inang'aa na ndala za mdogo wangu zimelowa.

"Baba," nilisema, "inatoka nyingi."

Alizima gari pale pale. Akashuka na kipande cha sabuni, akaingia chini ya gari. Nilimsikia akigonga, akihema, akimtaja Mungu wake. Alipotoka, mikono yake ilikuwa imelowa hadi viwikoni na sabuni haipo. Cheche zilianza kuruka juu ya barabara. Na kule chini, nyuma yetu, basi la jioni kutoka Masasi lilikuwa linapanda limejaa watu, linapiga honi ndani ya moshi.

Baba hakupiga kelele. Alifungua mlango wa nyuma akatushusha. "Neema, mshike mama huyu mkono. Kimbieni chini mkasimamishe basi. Msirudi kwangu hata nikiwaita." Jirani akamtupa mdogo wangu mgongoni, akaziacha khanga zake zote garini, tukashuka mbio. Basi likasimama. Nilipogeuka nilimwona baba amesimama nje ya mlango wa dereva, mkono mmoja kwenye usukani. Aliachia breki. Gari likaanza kurudi nyuma taratibu, likija tulipo, naye anakimbia pembeni yake akiukata usukani kwa nguvu kuelekea korongoni. Magurudumu ya nyuma yakauvuka ukingo. Akaachia. Landrova ikapotea, na tukasikia bati likijikunja huko chini.

Nilidhani yameisha. Kisha cheche moja ikatua kwenye mkono wa shati lake.

Watu wa basi ndio waliomwokoa. Kondakta alimwangusha, akina mama wakamfunika kwa vitenge, wengine wakamfukia mikono kwa udongo wa barabarani. Moto uliteremka korongoni ukalikuta gari, na mlio wake niliusikia tumboni kabla ya masikioni. Hakuna mtu mwingine aliyeumia. Watu walinisifia jambo hilo miaka mingi, wakidhani linanifariji.

Mama alimpokea mumewe akiwa kazini, na alimhudumia kama alivyomhudumia kila mgonjwa. Maneno ya "nilikwambia" hakuyasema. Bibi naye hakuyasema. Yule mama mkwe ambaye kwa heshima hakuwahi hata kula sahani moja na baba, sasa alikaa kitandani pake, akamenya ming'oko kwa kupapasa na kumtilia mdomoni.

Vidole vya mkono wa kulia viliganda vikiwa vimekunjika. Baba alijifunza kuandika ubaoni kwa kushoto. Shule ikampa chumba Masasi, naye akakipokea. Gari jingine hakulitaja. Sisi tukahamishiwa shule ya Newala, na baba akawa mtu wa Jumamosi, anayefika na basi akiwa na mkate, anayeondoka Jumapili kabla maharage hayajaiva. Mwanzoni tulimsindikiza hadi stendi. Baadaye mlangoni. Baadaye mama alikuwa akisema tu, "Mwageni baba yenu, anaondoka."

Bibi alifariki, na mama angeweza sasa kumfuata Masasi. Lakini alikuwa na bustani yake, na zamu zake, na kimya chake. Mwaka ukazaa mwaka. Waliungana tena walipostaafu, pale pale Newala, na nilikwenda kuwatembelea nikiwa na furaha ya mtoto. Niliwakuta wanaulizana nani atumie bafu kwanza. Mama hakujua kama baba hunywa chai kwa sukari. Baba alikaa sebuleni miguu ameibana, mkono wake uliokunjika mapajani, na mama alipomletea sahani alisema, "Ahsante sana, mama, nimekusumbua."