Wasifu wa Marehemu Aliyekuwa Akila Papai

Theonest Kaijage alikuwa ofisa utumishi mpaka akastaafu, na kazi ile ilimganda kama harufu ya moshi kwenye nguo. Umri wake wote wa kazi alikaa upande wa pili wa meza akisaili watu, na alipohamia nyumba yake mpya Mbweni hakuacha. Muuza nyanya aliulizwa ana uzoefu gani. Fundi bomba aliulizwa anajiona wapi baada ya miaka mitano, akajibu, "Kwa sasa, mzee, najiona chini ya sinki lako."

Kwa hiyo alipotangaza kwamba anatafuta programu ya kutunza nakala za kompyuta yake, mkewe Herieth alichukua kikapu akaenda zake sokoni. Alijua jambo lile halitakwisha mapema.

Chanzo kilikuwa msiba. Theonest alihudhuria mazishi ya binamu yake Ansbert, na pale msomaji wa wasifu akasimama akatangaza kwamba marehemu, enzi za uhai wake, alipenda sana kufuga kuku. Ansbert aliwachukia kuku tangu utoto. Aliwahi kuhama nyumba ya kupanga kwa sababu ya jogoo. Theonest alirudi nyumbani uso umemkunjamana. "Mie hawatanifanyia hivyo," alisema. Akakaa kwenye kompyuta, akaandika mwenyewe kurasa kumi na moja: Wasifu wa Marehemu Theonest Kaijage. Mahali pa tarehe ya kufariki ndipo tu alipoacha pengo.

Haukupita muda umeme ukakatika kwa kishindo, na uliporudi kompyuta ikakataa kuwaka, ikawa inatoa mlio kama mbuzi mwenye mafua. Fundi aliifufua, lakini akaonya: "Mzee, hii ikilala tena inaweza isiamke. Tafuta programu ya bakapu, ikuwekee nakala pengine."

Ndipo Jumamosi hiyo asubuhi Theonest akavaa shati la mikono mirefu, akapakua programu tatu, akamwita jirani yake Khalfani awe mjumbe wa jopo. Khalfani alikuwa mzaliwa wa hapohapo Mbweni, fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa maneno mengi na kicheko cha karibu. Walikaa mbele ya kompyuta kama mahakimu.

"Mwombaji wa kwanza aingie," Theonest akasema, akabonyeza.

Programu ya kwanza, kabla ya lolote, ikataka kulipwa.

"Huyu hajashika hata ufagio anadai mshahara," Theonest akasema. "Mjumbe, una maoni?"

"Atoke," alisema Khalfani.

Ya pili ilianza kazi kwa mbwembwe. Ikaandika kwamba zimebaki dakika nne. Walipopepesa macho zikawa siku mbili. Mara dakika moja. Mara siku sita.

"Huyu namjua," Khalfani akasema. "Huyu ni fundi cherehani. Nilimpelekea kanzu ya Idi, nikaivaa Idi ya mwaka uliofuata."

Ya tatu ilifunguka taratibu ikaandika kwa Kiswahili safi: *Karibu, Theonest. Nipo kwa ajili yako.* Theonest aliegemea kiti. Miaka yote ile ya kusaili watu, hakuna aliyemwambia neno kama hilo. Wakati huohuo simu ya Khalfani ikalia, mteja ameleta geti limepinda, akainuka. "Mchukue huyo, jirani. Ana adabu." Akaondoka.

Theonest akabaki na mwajiriwa wake mpya. Aliionyesha faili la wasifu, ikalipokea. Kisha ikaagiza: *Chagua watu unaowaamini.*

Akapiga paja. Wadhamini! Hapo ndipo alipojua amepata chombo chenye utaratibu, maana hata yeye hakuwahi kumwajiri mtu asiye na wadhamini. Ikamletea majina yote ya kwenye simu yake. Akaanza kuchagua, akaona ukimchukua shemeji ukamwacha mjomba umeanzisha vita. Akachagua wote. Akabonyeza, akaacha simu chumbani kwenye chaji, akavua shati, akavaa bukta, akatoka kwenda kupalilia migomba yake nyuma ya nyumba.

Alichobonyeza hakikuwa wadhamini. Kila jina lilipata ujumbe mmoja: *Theonest amekuachia nakala. Wasifu wa Marehemu Theonest Kaijage.*

Dada yake, Apolonia, alikuwa saluni kule Kiwalani, nusu ya kichwa imesukwa na nusu nyingine imetimka. Aliposoma maneno yale alipiga ukemi mpaka msusi akatupa kitana. Akautuma ujumbe kwenye kundi la ukoo, akapanda bodaboda hivyohivyo alivyo.

Herieth alikuwa anachagua dagaa sokoni simu ilipoita. "Pole sana, dada. Bwana ametoa na Bwana ametwaa."

"Ametwaa nini?"

"Shemeji."

"Shemeji gani? Nimemwacha anawasaili makompyuta!"

Lakini moyo wa mtu haubishani na simu ya tano. Alipokea ya tano, akawaachia wauzaji dagaa wao, akakimbia.

Khalfani naye aliletewa habari na mwenye bajaji. "Inna lillahi," akasema, akavua miwani ya kuchomelea. "Si nimetoka kwake sasa hivi? Kumbe alikuwa ananiaga." Akafunga karakana, akaazima kofia, akaenda huku akijifuta macho kwa mkono wenye grisi. Alikuta turubai limeshawasili na vijana wanashusha viti. Akapita uani kuangalia mahali pa kuweka kuni, na pale chini ya migomba akamkuta marehemu amekaa juu ya ndoo, anakula papai.

Khalfani alirudi kinyumenyume mpaka akagonga tangi la maji.

"Karibu papai," Theonest akasema.

"Sili papai la wafu!"

Herieth akatokea mbio, khanga mkononi, anahema. Akamtazama mumewe kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Baba Gladness, umekufa?"

"Sijafa."

"Una uhakika?"

Kabla hajajibu, Apolonia aliingia na ule usukaji wake wa upande mmoja, akamwona kaka yake mzima, akaanguka chini, akainuka, akamkumbatia, kisha akampiga kibao cha mgongoni. "Ta Theo," alimwita kwa heshima ya Kihaya, "utatuua! Unatutumia wasifu, hatuna hata maiti!"

Sasa watu walikuwa wameshafika na michele, sukari na sufuria kubwa za kukodi, na mwenye turubai alisema halirudi kabla ya jioni. Ikaonekana heri wapike. Marehemu akavalishwa shati, akaketishwa mbele kabisa, na Apolonia akafungua simu yake akaanza kuwasomea watu wasifu. Ingekuwa hasara usisomwe.

"Marehemu alikuwa wa kwanza darasani miaka yote." Apolonia akanyanyua macho. "Wa kwanza? Ta Theo, si ulirudia la nne?"

"Niliugua!"

"Uliugua uvivu."

Akaendelea. "Hakuwahi kumpandishia mkewe sauti." Herieth akatoka jikoni na mwiko. "Hapo rudia," akasema. "Rudia polepole, wote wasikie." Watu wakacheka mpaka viti vya plastiki vikakunja miguu.

Khalfani peke yake hakucheka. Zilipokwisha kurasa zote kumi na moja alijikohoza. "Jirani, geti nilikuchomelea mie. Presha ilipokupanda nilikubeba mie, na bajaji nikaisukuma ilipozima. Hata mbuzi uliyeagwa naye ofisini yumo, ukurasa wa tatu. Mie sipo."

Theonest aliona haya mpaka masikioni. Akainuka akaingia ndani kwenda kumwandika, lakini alipofungua faili akashtuka: maneno yalikuwa yanatembea yenyewe. Ile programu ilikuwa imewapa wadhamini wote ruhusa ya kuandika. Apolonia alikuwa ameshasahihisha la nne. Herieth, bila shaka akiwa jikoni, aliweka aya nzima kuhusu kelele. Mtu mwingine aliongeza jinsi suruali ya marehemu ilivyopasuka akicheza harusini kwa Gladness. Na chini kabisa herufi zilikuwa zinatokea moja moja, za mtu asiyezoea kuandika: *jirani yake wa kweli ni Khalfani ambaye alimpenda japo ana maswali mengi.*

Hilo aliliacha, akalisoma mara kadhaa. Ila ile ya suruali akaifuta.

Kompyuta ikaandika: *Usijali, Theonest. Nimeirudisha.*

Akaifuta tena. Ikarudi tena. Huko nje pilau lilikuwa linapakuliwa, na Apolonia anaita kwamba marehemu asipokuja sasa hivi atakuta ukoko.