Mama Alijua Kuhusu Macho Yangu

Leo nimegundua kwamba sijawahi kuwa na maringo.

Wanaonijua kutoka Ekerenyo wataelewa. Mtu akinisalimia kutoka kando, mimi hupita tu. Nikiwa darasa la tano, Mama alinipeleka kwa shangazi nikaombe msamaha kwa magoti, eti nilimpita sokoni bila kumsalimia. Nililia njia nzima.

Asubuhi tulikuwa Kisii kwa daktari wa macho. Akanionyesha picha: chembe za kalsiamu, kama vijiwe vyeupe, ndani ya neva ya jicho. Mbele naona vizuri. Pembeni ndiko kunakofifia, polepole, na hakuna dawa ya kuziondoa.

"Uwe unageuza kichwa," akasema. "Hizi mara nyingi hurithiwa. Kuna mtu kwenu anazo?"

Nikasema hakuna.

Mama akasema, "Niko nazo. Niliambiwa kabla nimzae."

Daktari mwenyewe aliacha kuandika.

"Na siku ya shangazi?" nikamuuliza Mama. "Ulinipigisha magoti na ulijua?"

"Kemunto, ningesema nini? Watu wa baba yako wangesema nimewaletea macho mabovu. Maringo watu husamehe."

Husamehe! Miaka yote hii nimejichukia kwa kosa ambalo halikuwepo.

Ungekuwa wewe, ungemjibu nini? Nauliza kwa dhati.

Tulipofika kwenye ngazi, Mama alininyooshea mkono kutoka kando, anishike.

Niligeuza kichwa. Niliuona vizuri kabisa.

Nikapita tu.