Nyuki wa Wanjira

Wanjira alipofariki, mumewe Nthiga alilipaka rangi sanduku lake la nguo. Wageni wa mazishi walikuwa wanakuja, naye hakutaka waone mbao chakavu. Rangi ya kijani iliyobaki kanisani ikatosha. Ikafunika hata mchoro wa nyuki.

Nyuki huyo Wanjira alimchora kwenye kifuniko kwa chuma cha moto, mwaka ule alioolewa. Nthiga, mtu wa mizinga ya nyuki, alimtazama akacheka: "Huyu ni kuku." Wakabishana miaka thelathini na mmoja. Hakuna aliyekubali kushindwa.

Sasa ulikuwa mwaka wa 1997. Binti yao Karimi angeolewa Jumamosi, na sanduku ni lake. Mama yake alisema hivyo. Lakini bila nyuki, sanduku gani hilo? Nthiga akajaribu kuitoa rangi kwa mafuta ya taa. Rangi ikang'aa zaidi. Kisu nacho kingekula mbao na nyuki pamoja.

Jumatano akaenda Siakago kwa Rashid, muuza rangi. Rashid akatoa chupa, akamsomea kibandiko: propilini kaboneti.

"Hii inalainisha rangi ya mafuta, mzee. Haiumizi kichwa kwa harufu, haishiki moto upesi kama petroli. Hata ndani ya betri nyingine za saa imo."

"Saa sina."

"Basi paka, funika na nailoni, ngoja."

Nthiga akapaka. Akanusa: hakuna kitu. Petroli hukauka ukipepesa macho. Hii ilikaa tu, imelowa kama maji. Alasiri akarudi dukani, chupa mkononi.

"Rashid, umeniuzia maji ya kisima!"

"Kwani umengoja muda gani?"

"Nimekunywa chai."

Rashid akacheka hadi akashika kaunta. "Mzee wangu, kutokauka ndiyo kazi yake! Ikiruka kama petroli, itaingia kwenye rangi saa ngapi? Wewe mlina asali mzima, na kungoja huwezi?"

Nthiga akaitia chupa mfukoni. Akarudi nyumbani, akapaka tena, akafunika.

Asubuhi akafunua. Rangi ilikuwa imejikunja kama utando wa maziwa. Akaikwangua kwa kijiti, akaosha kwa maji. Bawa likatokea. La pili. Kisha tumbo lile nene.

Akakaa chini kidogo.

Karimi akapita na ndoo. "Baba! Kuku wa mama!"

"Kuku tangu lini ana mistari? Huyo ni nyuki."

"Si ni wewe ulikuwa unasema kuku?"

"Mama yako ameshinda," akasema Nthiga. "Haya, shika upande ule tulianike."